Nafasi ya Arobaini na Moja

Verlyn Haugstad aliwasili Arizona juma la pili la Novemba, kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa, akiikokota karavani yake, nyumba ya magurudumu, kwa pikapu tangu Dakota ya Kaskazini, ambako theluji ilikwisha kufika magotini. Mbwa wake wawili, Olle na Tuva, walilala kiti cha nyuma. Katika kiti cha mbele, ubavuni pake, palikuwa na mfuko wa matufaha tu. Ardis, mkewe, alizikwa mwezi Juni.

Reuben Ochoa, msimamizi wa kambi ya makaravani, alimpokea langoni akiwa amevua kofia.

"Arobaini na moja yenu nimekuwekea, mzee. Nimeifagia mwenyewe."

"Nipe ya kupita moja kwa moja," Verlyn akajibu. "Ile iliyo karibu na barabara."

Reuben akamkodolea macho. Nafasi hizo, ambazo mtu huingilia huku na kutokea kule, walipewa wapita njia na madereva wasio hodari. Verlyn alikuwa ameendesha greda la kusawazisha barabara za wilaya miaka thelathini na mmoja. Lakini nafasi ya arobaini na moja huingiwa kinyumenyume, na katika kambi ile mume ndiye hushika usukani, naye mke husimama kwenye pembe ya nyuma ya karavani akimwongoza kwa mikono. Majirani hutoa viti nje ili watazame. Hakuna anayesaidia asipoitwa. Kujitia kati ya mke na mume saa ile ni utovu wa adabu zaidi kuliko kuwachungulia dirishani. Ardis alikuwa akivaa glavu nyekundu za sufu, hata katika jua kali, ili mumewe amwone vyema kwenye kioo cha pembeni cha gari.

Basi akakaa karibu na barabara, malori yakimtikisia vikombe kabatini. Kila asubuhi, kabla changarawe haijapata moto, aliwatembeza mbwa. Kila asubuhi walimvuta hadi nafasi ya arobaini na moja, iliyokuwa tupu, wakajilaza chini ya mti wa miiba, naye akasimama kando yao kama mtu anayemngoja mwenziwe atoke kufua nguo.

Loretta Pruski, mjane wa nafasi ya arobaini na mbili, alimtania kutoka barazani pake.

"Leo umekuja kumtembelea nani, Verlyn? Mimi, au kokoto?"

"Mbwa ndio wanaotaka."

"Mbwa! Usiwasingizie. Wewe ndiye unayeburutwa na moyo, wao wanakusindikiza tu."

Kule nyumbani Ardis alikuwa amekufa kila mahali: jikoni, kanisani, kwenye kiti cha daktari wa meno. Hapa alikuwa hajafa hata siku moja. Verlyn aliogopa kutazama kile kioo cha pembeni na kukikuta kitupu. Ndipo angekuwa amekufa na hapa pia.

Mwishoni mwa Januari Reuben akamfuata.

"Kuna watu wawili kutoka Manitoba wanaitaka arobaini na moja, mzee. Nimewazungusha mpaka nimeishiwa uongo. Ukihamia kabla ya Ijumaa kwisha, ni yako. Usipohamia, nawapa."

Ijumaa asubuhi Verlyn aliifunga karavani kwenye pikapu. Habari zilimtangulia; alipokata kona, viti vilikuwa vimekwisha kupangwa. Loretta aliinuka nusu, akakumbuka adabu, akaketi.

Alirudi nyuma mara ya kwanza, akatoka. Mara ya pili vilevile. Kila alipoinua macho, kioo kilimpa barabara, mti na anga, basi. Mara ya tatu akasimamisha gari, akatoa kichwa dirishani.

"Loretta! Utakaa hapo mpaka lini?"

"Mpaka niitwe!"

"Basi nakuita!"

Akaja mbio, akajipanga kwenye pembe, akainua kiganja. Verlyn akaendelea kurudi, mpaka meza ya mbao ikalia kra!

"Nilisema simama!" Loretta akafoka.

"Mkono wako ulisema njoo!"

"Marehemu wangu alinielewa miaka arobaini!"

"Na mimi wangu nilimwelewa!"

Watu wakacheka. Loretta akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Basi tupatane," akasema kwa upole. "Ngumi iwe simama. Kiganja kiwe njoo, kama alivyofanya Ardis."

Karavani ikaingia. Reuben akapiga makofi, viti vikaanza kukunjwa, na mbwa wakashuka wakaenda moja kwa moja kivulini.

"Imepinda kidogo," Loretta akasema, "lakini nani atakuja na rula?"

Verlyn akaizunguka karavani. Mkia wake ulikuwa umeegemea upande wa nguzo ya umeme, shubiri mbili hivi. Ardis asingeikubali. Kwa shubiri moja tu angemrudisha barabarani, naye angenung'unika mpaka wakati wa chakula cha mchana. Sasa hapakuwa na wa kumrudisha. Akasimama mbele ya nguzo kitambo, mikono mfukoni. Kisha akapanda garini, akawasha injini.

"We Verlyn! Unakwenda wapi tena?"

"Barabarani. Narudia."

Loretta akarejea kwenye pembe yake kungoja. Kando ya njia, viti vikakunjuliwa upya.