Mama Aliyenikataza Kukata Viti vya Pweza

Jumanne nilipigiwa simu kwamba mama mmoja mwokota chaza wa Mwera amefariki na anazikwa alasiri. Nikavaa kanzu nikaenda. Njiani nilipanga maneno ya kusema, maana mimi hata msibani napenda nisikilizwe. Mnaonisoma humu gazetini mnajua: shule niliiacha darasa la tatu, nikakata mkonge, leo nina malori mawili na nyumba Raskazone, na kila nilipopata nafasi nimewakumbusha.

Nisilowahi kuwaandikia ni jinsi nilivyomfukuza mama huyo. Yeye na kina mama wenzake walikuwa na kikundi cha kufuga chaza kwenye maji mafupi. Mimi nilitoa kamba na nyavu, kwa hiyo nikajiona mwalimu. Viti vya pweza wakaanza kutumalizia chaza. Kiti cha pweza, kwa mlio bara, ni yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Humkumbatia chaza mpaka afunguke, kisha akamla. Mkata mkonge ana dawa moja tu. Nikaagiza kila atakayeonekana akatwe katikati kwa panga, arudishwe majini aliwe na samaki.

"Baba, usiwakate," yule mama akasema. "Hawa wenye mikono myembamba ukiwapasua umewazalisha. Kila nusu inaota mikono iliyopungua."

"Kwani hawana dume na jike?"

"Wanao. Siku yao ikifika wanajiinua kwa ncha za mikono, huyu anamwaga mayai, yule mbegu, vinakutana hukohuko majini. Lakini hawa wakichoka kungoja wanajipasua wenyewe."

"Hawagusani? Ndoa gani hiyo?"

"Isiyo na mahari. Wewe watoe tu, uwaanike juani."

Kina mama wakacheka, nami nikaona nachekwa mimi. Tukakata. Miezi ikapita, maji yalipokupwa tukakuta viti vya pweza wa ajabu: mikono mirefu upande mmoja, upande wa pili mikono midogo kama kucha, na ni wengi kuliko mwanzo. Nilijua palepale. Badala ya kukiri, nikaitisha kikao nikatangaza kwamba yule mama ni mzembe, hasafishi kamba zake, nikamtoa kikundini.  Alichukua kikapu chake akaenda. Baadaye chaza wakapona, nami nikaandika humu safu nzima kuhusu faida ya msimamo mkali.

Baada ya maziko nilimwita pembeni kiongozi wa kina mama, nikamweleza ukweli kwa sauti ndogo nisiyoizoea.

"Tunajua, mzee," akasema. "Ukishaondoka tulikuwa tunaokota viti vya pweza wazima, tunampelekea, anawaanika nyuma ya nyumba yake usiwaone."

"Hata baada ya kumfukuza?"

"Ndiyo hasa baada ya hapo. Alisema chaza ni riziki ya watoto wetu, hasira zako ni zako."

Yale maneno niliyoyapanga sikuyasema. Miaka yote nilidhani hawanibishii kwa sababu niko sahihi, kumbe walikuwa wananizunguka kama gogo lililoanguka njiani. Radhi niliikumbuka nimechelewa, wa kuitoa alikwishafukiwa. Wewe unayesoma, kama yupo unayepaswa kumwambia kwamba alikuwa sahihi, liache gazeti hapo ulipo uende. Mimi nililiambia kaburi, na kaburi halikunijibu.