Mjomba Aliyeandikwa Baba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Fransisko Kasimiri amezamisha mikono hadi mabegani katika maji baridi ya mto. Anang'oa majani yaliyoziba wavu wa chanzo cha maji, juu ya mji wa Morogoro. Leo ana haraka. Kabla ya saa sita mchana anatakiwa ofisini mjini, aeleze kwa nini asifukuzwe kazi kwa kusema uongo.

"Nikiyaacha majani haya, mabomba ya mji yanatoa tope," anasema bila kuinua kichwa. "Kwa hiyo kwanza kazi, hata kama ni ya mwisho."

Ana miaka thelathini na mmoja, na kumi na miwili ameimaliza hapa. Mshahara wake umefika shilingi mia moja na themanini kwa mwezi, na unalisha mke na watoto watatu. Ni mweupe, nywele zake zinalala. Mjini wanamwita chotara, wengine kwa utani, wengine kwa kumaanisha. Baba yake alikuwa Mgiriki, msimamizi wa shamba la mkonge upande wa Mikese, aliyeondoka mtoto akiwa bado anatambaa. Hakuacha hata picha.

Balaa lilianza Mei mwaka huu wa 1968, fomu mpya za watumishi zilipogawiwa. Zilikuwa na nafasi ya asili: Mwafrika, Mwasia, Mzungu, Chotara. Fransisko akaandika Mwafrika, akaambatanisha cheti cha ubatizo kinachosema baba yake ni Kasimiri, Mluguru. Karani, Ndugu Simon, akakitazama cheti, akamtazama mwenye cheti, kisha akaenda kumwita mkubwa wake. Wiki iliyofuata ikaja barua: athibitishe baba yake ni nani, la sivyo ataachishwa kwa kughushi.

Kasimiri ni mjomba wake. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama. Ndiye aliyembeba kichanga hadi misheni mwaka 1937. Padre alipouliza baba wa mtoto ni nani, Kasimiri alijibu bila wasiwasi kwamba ni yeye. Hakukusudia kumdanganya mtu. Kwake yeye, aliyetakiwa kujitokeza pale ni mwenye mtoto, na mwenye mtoto alikuwa yeye.

Kazini wamegawanyika. Wapo wanaosema nchi huru haina haja ya kumuuliza mtu rangi ya baba yake. Wengine, akiwamo rafiki yake Yunusi, fundi bomba, wanauliza: bila kuandika asili, tutajuaje kama kazi walizonyimwa wenyeji enzi za mkoloni sasa wanazipata? Yunusi haoni ubaya wa kuandika chotara. Fransisko anauona.

"Chotara hana kwao," anasema. "Mimi nina kwetu."

Saa tano na nusu yuko kwenye benchi la ofisi, mikono ya shati bado mibichi. Mzee Kasimiri, mwenye miaka sabini na mmoja, ameshuka mlima kwa miguu tangu alfajiri. Fransisko anamwamkia shikamoo, mzee anaitikia na kukaa, anafuta jasho.

Njia rahisi ipo, na wote wawili wanaijua. Yunusi aliishauri jana: mzee aseme tu kwamba ndiye baba. Nani atabishana na cheti cha padre?

Wanaitwa ndani. Simon ni mtu wa Mara, ambako mtoto hufuata baba, wala hana roho mbaya. Anataka jibu la kuandika.

"Mzee, wewe ndiye baba wa Fransisko?"

Fransisko anatazama sakafu. Mzee akikubali, kazi imepona. Lakini mama yake, Eufrazia, ni dada wa mzee huyu, tumbo moja. Neno hilo likipanda mlimani, watu watasema kaka amezaa na dada yake.

"Si mimi," anasema Kasimiri. "Baba yake Mgiriki, alishaondoka. Mimi ni mjomba, na huyu ni wangu. Nikifa, shamba langu la Kinole hawalirithi niliowazaa. Analichukua yeye. Sasa andika unavyojua, mwanangu."

Simon anaiweka kalamu chini. Anasema polepole kwamba sasa cheti ndicho cha uongo. Mkubwa wake anaitwa, Fransisko na mjomba wake wanatolewa nje, mlango unafungwa, na sauti zao zinasikika hadi kwenye benchi.

Uamuzi: nafasi ya asili iachwe wazi, faili lipelekwe Dar es Salaam. Aendelee na kazi mpaka jibu lirudi. Huenda likachukua mwaka, na hakuna anayemwahidi kwamba litakuwa jema.

Jumapili atapanda misheni pamoja na mjomba wake, wakaombe jina la mzee lifutwe mahali pa baba katika kitabu cha ubatizo. Anajua likifutwa hatabaki na karatasi hata moja inayomwita Mluguru, na faili lake liko njiani.

"Kazi naitaka, sikufichi," anasema jioni, amerudi kwenye wavu wake, akikamua mkono wa shati. "Lakini mama yangu yuko hai, na kitabu kile kinasomwa."