Mama wa Kambo Aliyeunguzwa Daftarini

Gatesi alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda wakiwa vijana. Bibi yake alimsimulia ngano kwa Kinyarwanda huku wakipukuchua mahindi, naye akazirudia kwa Kiswahili kwa watoto wa jirani. Alipohamia Rwanda na kupata kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule moja ya wasichana huko Nengo, mjini Gisenyi, alikuta maktaba ni kabati moja, na ndani yake mna vitabu vya sheria kwa Kifaransa, vimeliwa na panya.

Wasichana wa miaka kumi na mitano hawakuwa na cha kusoma. Basi Gatesi akaanza kuwaandikia. Alichukua ngano za bibi yake na kuzifuma upya. Kwa bibi, binti wa hadithi aliolewa akanyamaza. Kwa Gatesi, binti huyo alibishana na mizimu, akapanda milima, akakataa wachumba. Kila hadithi ilijaza daftari moja, na daftari lilipita dawati kwa dawati mpaka jalada likang'oka.

Mwaka 1999 aliandika ile iliyopendwa kuliko zote. Mama wa kambo anamwaga maji jikoni makusudi, moto unazimika, kisha anamtuma yatima akalete mwingine kwenye volkano ya Nyiragongo, akitumaini mlima utammeza. Juu kileleni binti anamkuta mlinzi wa moto, kikongwe mwenye ngozi ya mawe meusi, wanapatana, na binti anarudi na moto viganjani. Mama wa kambo anapomgusa anateketea, anabaki majivu. Ukurasa huo uliposomwa darasani, wasichana walipiga makofi na kugonga madawati.

Mmoja hakupiga makofi. Aliitwa Umuhire. Gatesi hakumwona.

Wiki mbili baadaye kiti cha Umuhire kilikuwa kitupu siku ya tatu mfululizo. Gatesi akamuuliza jirani yake wa dawati, Keza.

Keza aliinamisha kichwa. "Mwalimu, mama yake alimletea sweta pale getini. Ni mama wa kambo. Wengine wakapiga kelele, 'Umuhire, mguse aungue!' Mama akacheka, hakuelewa. Umuhire akampiga rafiki yake Larissa, aliyekuwa kati yao, ngumi ya mdomo, akaondoka."

Siku hiyo Gatesi hakula chakula cha mchana. Alichukua daftari, akashuka hadi Petite Barrière, kituo kidogo cha mpaka cha kwenda Goma, Kongo, akamuulizia mama huyo wa kambo, Mukashyaka, aliyeuza mboga ng'ambo. Wabebaji wakamwonyesha mama mnene aliyekaa juu ya gunia la kabichi kutoka Cyanzarwe, akingoja zamu ya kuvuka.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mwalimu wa Umuhire. Nimekuja kuomba radhi."

"We ndiyo uliandika? Umuhire aliniambia." Mukashyaka akamtazama juu mpaka chini. "Bon. Soma kwanza. Mi sijue kusoma. Nataka kusikia vile niliungua."

Gatesi akasoma, amesimama, wabebaji wamemzunguka. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya darasani. Alipofika kwenye majivu ilikuwa imebaki ndogo mno, hata mwanamke mmoja akamwambia apaze.

"Iko muzuri," Mukashyaka akasema. "Ule mukongwe wa mulima, muzuri sana. Lakini uyu mama, alitoka wapi? Hana jina. Juu ya nini alimwanga maji, sababu gani?"

Bibi yake Gatesi hakusema, na Gatesi hakuwahi kuuliza.

"Mi nitakuambia," Mukashyaka akasema, akasogea kumpa nafasi juu ya gunia. "Baba ya Umuhire alinioa, mwaka moja tu, tukakimbia vita, akakufia Goma. Mutoto iko na miaka kumi. Batu baliniambia, uyu si wako, acha. Siku moja nikamuacha. Nilimuambia angoje pa foleni ya maji, mi nikaenda. Nilitembea mpaka jua ikakuwa juu ya kichwa." Akajifuta shingo kwa kanga. "Kisha nikarudi. Alikuwa pale pale, na bido yake ya maji, haijajaa."

"Anajua?"

"Hatujaisemaka."

Gatesi alitaka kumshika mkono, akaona si mahali pake. Badala yake akaomba ruhusa ya kuandika hadithi upya.

"Ngoja nimuambie mi mwenyewe kwanza," Mukashyaka akasema. "Halafu uandike. Lakini usinifanye malaika. Malaika habebake kabichi."

Umuhire alirudi shuleni Jumatatu. Baada ya kipindi alibaki nyuma, akafuta ubao bila kuombwa.

"Mama ameniambia," akasema akiwa amempa mwalimu mgongo. "Alilia sana. Mimi nilikuwa najua, mwalimu. Nilimwona akiondoka. Niliwaacha watu wanipite kwenye foleni, kwa sababu ningejaza maji ningelazimika kutoka pale, na angerudi asingenikuta."

Gatesi aliandika kwa mwezi mzima. Katika daftari jipya mama wa kambo ana jina na kilemba cha kijani. Anamwaga maji, anamtuma binti, kisha anaondoka kwenda zake, moyo unamkatalia, anageuka na kupanda mlima kumfuata, amechelewa na anaogopa.

Wasichana walilisoma, ila hawakugonga madawati. Larissa, mdomo umeshapona, alisema wazi kwamba lile la kwanza lilikuwa tamu zaidi, na Gatesi akakubali moyoni kwamba kweli, lilikuwa tamu. Utani wa getini ulikwisha polepole; huenda ni kwa sababu ya daftari, huenda ni kwa sababu ya ngumi. Umuhire na Larissa hawakuwa marafiki tena. Gatesi naye hakuacha kuandika, ila alikawia zaidi kuliko zamani kila alipofika kwa mtu mbaya wa hadithi.

Daftari lilikwenda nyumbani kwa Mukashyaka, akasomewa mara mbili. Mara ya pili alimsimamisha Umuhire katikati ya sentensi.

"Apa mwalimu amekosea. Anasema kilemba ya kijani. Siku ile ya foleni nilivaa ya manjano."

"Ilikuwa ya manjano," Umuhire akakubali, akatafuta kalamu.