Muuguzi wa Jumanne

Juzi, kwenye dirisha la zahanati moja hapa Mtanda, mbele yangu alisimama bibi mwenye kisukari. Karani akaigeuza kadi yake ya bima mara mbili.

“Bibi, hii inalipia dawa tu. Muuguzi wa kuja nyumbani hailipii.”

“Dawa ninazo, mjukuu wangu. Namuulizia yule wa Jumanne, aliyekuwa akinisafisha kidonda cha mguu.”

“Mradi wa wale wauguzi uliisha, bibi.”

Bibi akaifunga kadi kwenye pindo la khanga, taratibu.

“Kila Jumanne bado napika uji wa watu wawili. Kidonda nasafisha mwenyewe. Ila hodi siwezi kujipigia.”

Karani akainamisha kichwa, kisha akaita, “Anayefuata!”

Aliyefuata nilikuwa mimi, na kadi yangu ni kama ya bibi.