Mama Anselmi na Mwezi wa Idd

Candida, ambaye sokoni wote tulimwita Mama Anselmi, alikuwa Mchaga wa Rombo na hakuwahi kufunga hata siku moja. Lakini Kariakoo nzima sijaona mtu aliyeuogopa mwezi mwandamo kama yeye. Kizimba chake kilipakana na changu. Yeye akiuza ndizi mzuzu, mimi mihogo, na Ramadhani ndiyo iliyokuwa mavuno yetu.

Mwaka sabini na sita, soko jipya likiwa bado linanuka saruji, alifanya kosa ambalo mtu yeyote anayefunga angemwonya asilifanye. Siku ya ishirini na tisa ya mfungo bei ya ndizi ilipaa. Akawaza, kama leo ni hivi, kesho itakuwaje? Akabakiza mikungu kumi na minne, yote imeiva. Jioni redio ikatangaza mwezi umeonekana. Asubuhi mji mzima ulinukia pilau, nani amkumbuke mzuzu? Ndizi zikamwozea, mtaji ukaenda nazo, na kwa miezi saba akafua nguo za watu Upanga. Nilimwonea huruma, ingawa nakiri nilicheka kwanza.

Aliporudi alijiwekea sharti: siku ya ishirini na tisa, adhana ya alasiri isimkute na hata kichane. Atauza kwa bei yoyote iliyopo. Mfungo wa mwaka uliofuata ulipoanza, kila asubuhi aliniuliza leo ni wa ngapi, utadhani yeye ndiye mwenye njaa.

Siku yenyewe ikafika na mawingu mazito. Kila mtu alisema mwezi hautaonekana, tutakamilisha thelathini. Saa nane wateja walikuwa wanagombania ndizi, na yeye amebakiwa na mikungu sita. Mimi nilikuwa nimeshafunika magunia yangu matatu ya mihogo, nangoja kesho.

"Mama Anselmi, usiwe mshamba," nikamwambia. "Shikilia hiyo sita, kesho utauza mara mbili."

Mkono wake ulikuwa juu ya mkungu.

"Kaka Nassibu, nikikosea tena narudi kwenye beseni la Upanga. Hayo mawingu wewe unayajua?"

"Siyajui, lakini si unayaona?"

"Mimi ninachokijua ni alasiri."

Akauza yote. Mkungu wa mwisho alimpunguzia bei mke wangu Mauza, kwa haraka ya kuiwahi adhana.

Mwezi haukuonekana. Kesho yake bei ikawa mara mbili kama nilivyosema, na mihogo yangu ikauzika kama njugu. Nilimtania mpaka nikachoka. Yeye alikaa kwenye kizimba kitupu akishona sketi ya bintiye.

Jioni tukamkaribisha futari kwetu Magomeni. Mauza akaleta sinia la mzuzu wa nazi. Mama Anselmi akaonja.

"Hizi si zangu?"

"Zako," Mauza akacheka.

Akajiongezea.

"Roho haikuumi?" nikamuuliza.

"Inaniuma kidogo, wifi yangu hapa ataniponya kwa hii nazi. Lakini jana magharibi sikutazama hata juu. Nilipika ugali, tukala."

Nikaona haya. Jana yake magharibi nilikuwa nimesimama uani, macho mbinguni, namwomba Mungu mwezi usionekane. Mimi, Mwislamu niliyefunga siku ishirini na tisa.