Mafuta ya Nazi Kwenye Bastola

Mimi si mtu wa kugawana sifa. Nikifanya jambo likafana, nasema nimefanya mimi, na mke wangu keshanizoea. Basi ile bastola ilipogoma, nilitangaza nyumba nzima kwamba itapona mikononi mwangu.

Ni bastola ndogo ya bei poa, ya risasi zile nyembamba za kutoboa kopo. Niliinunua, kwa vibali vyote, kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vyuma Bagamoyo mjini, na ndiye aliyenifundisha kulenga. Kila Jumapili tulikwenda kwenye shimo la zamani la kokoto, kule nyuma ya kijiji cha Zinga tulikoruhusiwa, tukapanga makopo ya nyanya mbele ya ukuta wa udongo. Akinishinda, alinitania mpaka Ijumaa.

Halafu macho yake yakaingia ukungu. Binti yake akaamua kumchukua ili wakaishi wote Mwanza. Mzee akaniomba kitu kimoja tu kabla ya safari: apige risasi sita za mwisho kwa bastola yake. Aliiita yake, ingawa leseni ina jina langu. Nilimwitikia huku moyo ukiniuma.

Sasa, gurudumu linalobeba risasi lilikuwa linakwama. Fundi mwenye leseni, kule Dar, akabadilisha kichuma kilicholika, akanipa kichupa cha mafuta na kunionya nisitumie mengine. Kichupa hakikutosha, maana mimi nikipaka napaka kweli. Nikamalizia kwa mafuta ya nazi. Kwetu hayo hupakwa kila kitu: nywele, mtoto mchanga, hata bawaba za mlango. Gurudumu likateleza raha mustarehe. Niliifungia bastola kwenye sanduku la chuma, nikajisifu mpaka mke wangu akahamia jikoni.

Jumapili yenyewe ilikuwa ya Julai, asubuhi ya kuvaa sweta. Safari ya mzee ilikuwa kesho yake. Nikamkabidhi bastola tupu aikague kama kawaida yake. Akavuta nyundo ya bastola, haikuvutika. Akasukuma gurudumu, wapi! Akaisogeza puani, akanusa taratibu.

"Mwanangu, ulikuwa unaikaanga?"

Aibu niliyoiona siku ile, sijapata kuiona tena. Kila Julai mafuta ya nazi huganda chupani, na kila Julai mimi mwenyewe huianika chupa juani ndipo nijipake. Hilo halikunipitia kichwani hata kidogo. Mzee hakunigombeza. Alisema tuilaze juu ya boneti ya gari, ikiwa tupu vilevile, jua lifanye kazi yake. Tukakaa, mimi nikilitazama jua kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Saa nne mafuta yakaanza kuchuruzika. Niliyafuta kwa fulana yangu mpaka gurudumu likazunguka, nikapakia risasi sita. Nikasimama nyuma ya mzee, nikamwelekeza mabega kwenye kopo. Akapiga mbili, udongo ukaruka. Ya tatu nayo ikaenda pembeni.

"Imepiga," nikamwambia.

"Muongo. Kopo likipigwa linalia."

Ya nne na ya tano zikapotea vilevile. Ikabaki moja. Akashusha mkono, akanirudishia bastola, mtutu ukiangalia chini.

"Piga wewe. Mimi nisikilize."

Sijawahi kulenga kwa uangalifu namna ile. Nikavuta pumzi, nikafyatua, kopo likalia mpaka likaanguka. Mzee akacheka peke yake, akanishika begani.

"Hilo nimepiga mimi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, mzee, ni wewe. Nyumbani mke wangu aliuliza nani kashinda, na nilimjibu hivyohivyo.