Sumaku Isiyonasa

Mimi Mama Anfal simwamini fundi, niseme ukweli. Nimezaliwa Kariakoo, nauza vitenge Kariakoo, na nimeshapigwa pesa vya kutosha. Kirikuu yangu, kigari changu cha mizigo, ilipoanza kuwasha taa ya onyo la betri, kisha ikanizimikia Msimbazi, niliipeleka kwa fundi Zahoro pale mtaa wa Gerezani huku macho nimeyatoa.

Zahoro ni mtu wa Masasi, mjini ana miaka kumi na miwili. Hana duka. Ana benchi, betri moja kuukuu na jina. Mvua ikijaza maji bonde la Jangwani, magari yaliyolowa yanaletwa kwake hata na mafundi wenzake, maana inajulikana kwamba Zahoro habadilishi spea ya mtu kwa siri. Jina hilo ndilo linalolisha wanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nakuangalia, ujue."

Akacheka, akaifungua alteneta mbele yangu. Akasema betri ni ya kuwashia tu. Gari likishawaka, injini inaizungusha alteneta kwa mkanda.

"Hili la katikati ni sumaku," akasema. "Likizunguka ndani ya nyaya hizi za shaba, umeme unazaliwa. Unawasha taa, na betri inarudishiwa ilichotoa."

Kisha akaichukua alteneta, akaenda kuipuliza vumbi kwa jirani mwenye pampu ya upepo. Dakika mbili tu, lakini mjini hapa dakika mbili unauziwa nyumba yako mwenyewe! Aliporudi nikachomoa pini ya mtandio, nikaigusisha kwenye ile sumaku. Pini ikaanguka.

"Ala! Sumaku gani hii haishiki hata pini? Umenibadilishia! Mwizi wewe!"

Watu wakajaa. Mteja mmoja, Ignasi, aliyekuwa anasubiri zamu yake, akawasha gari akaondoka bila kuaga. Zahoro alichukua nyaya mbili, akaziunganisha na ile betri kuukuu, akazigusisha kwenye alteneta.

"Weka pini sasa, mama."

Nikaweka. Ikanata ndi! Akaondoa nyaya, ikaanguka.

"Sumaku hii haizaliwi na nguvu," akasema polepole. "Inaamshwa na umeme kidogo wa betri, unaopitia kwenye kaboni, hivi vijiti vyeusi vinavyoisugua. Zako zimekwisha, ndiyo maana haichaji."

Niliona aibu, wallahi. Nikamwomba radhi mbele ya watu, ingawa wengi walikuwa wameshaondoka. Akaweka kaboni mpya, taa ya betri ikazima, na hadi leo gari linachaji.

Wiki iliyofuata, Sabaha, jirani yangu wa dukani, alikuja ananishukuru.

"Umetuokoa na yule mwizi wa Gerezani. Gari letu tumempelekea mwingine."

"Hakuiba," nikamwambia. "Nilikosea mimi. Sumaku yenyewe ndivyo ilivyo."

Nikamweleza yote, pini, nyaya, kaboni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Mama Anfal," akasema, "kakupa nini hata umtetee?"